Umaskini wa watoto: Tumfuate mtoto, tusihesabu milango

Ndugu msomaji, juma hili nataka tupande daladala. Tuchukue ile ya Gongo la Mboto kwenda Ubungo, asubuhi, wakati watu wanawahi kazini. Tuseme ina viti 30, na konda wetu wa leo ni mtu wa ajabu kidogo, hataki abiria asimame. Pale Ukonga unachungulia dirishani na kuhesabu: abiria 30. Ikifika Buguruni unachungulia tena: abiria 30. Ikikaribia Ubungo unahesabu mara ya tatu: 30 vile vile.

Sasa mwenzako akikuuliza, je, abiria wale wa Ukonga ndio hao hao wa Ubungo, utamjibu nini? Huna jibu. Hesabu yako ni sahihi, hakuna anayebisha, lakini haikukwambia nani kashuka, nani kapanda, na nani amekaa kwenye kiti kile kile tangu mwanzo wa safari.

Takwimu nyingi za umaskini tunazosomewa kila mwaka zimekaa hivyo hivyo. Tunaambiwa viti vingapi vimejaa. Hatuambiwi ni nani aliyekalia. Na abiria anapokuwa mtoto mdogo, kutokujua huko kuna gharama kubwa, kama tutakavyoona.

Tuanze na takwimu zenyewe. Kwa Tanzania Bara, mwaka 2007 watu asilimia 34.4 walihesabiwa kuwa chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa mwaka 2011/12 ulikuta asilimia 28.2. Ule wa mwaka 2017/18 ukakuta asilimia 26.4. Ukizitazama hizo peke yake utadhani ni ngazi: watu wachache wanapanda taratibu na kutoka, waliobaki wamebaki palepale wakisubiri zamu yao.

Lakini mwaka 2019 Benki ya Dunia ilitoa tathmini ya umaskini wa Tanzania Bara ambayo ndani yake mlikuwa na sentensi moja ya kumfanya mtu aweke gazeti chini. Ilisema kwamba kwa kila Watanzania wanne waliotoka katika umaskini, watatu waliingia. Wanne nje, watatu ndani. Faida ya shughuli yote hiyo ni mtu mmoja.

Huo si ukuta wenye watu waliokaa nyuma yake. Huo ni mlango, na mlango wenyewe hauna komeo. Watu wanapishana. Kati ya wanaopishana wamo watoto, maana mtoto hana mshahara wala shamba lake. Anaingia kwenye umaskini akiwa mgongoni mwa mama yake, na akitoka, anatoka mgongoni humo humo. Swali letu la leo ni hili: tunawezaje kujua ni mtoto gani kaingia, yupi katoka, na yupi hajawahi kutoka?

Kwanza tuelewane huo mstari wa umaskini unapigwaje. Karani wa takwimu anafika nyumbani na fomu yake ya maswali. Anauliza mmekula nini: unga kilo ngapi, dagaa wa shilingi ngapi, mafuta, chumvi. Kile mlicholima wenyewe mkala nacho kinaandikwa na kupewa bei. Anauliza mafuta ya taa au umeme, nauli, dawa, sabuni, nguo, mahitaji ya shule. Yote yanajumlishwa, kisha yanagawanywa kwa idadi ya watu wa nyumba ile, ambapo mtoto anahesabiwa kama sehemu tu ya mtu mzima kwa kuwa tumbo lake ni dogo. Kinachopatikana kinalinganishwa na mstari. Mwaka 2017/18 mstari huo ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima mmoja kwa mwezi. Gawanya kwa siku 30, utapata kama shilingi 1,640 kwa siku, kwa chakula na kila kitu. Aliyefikisha amevuka. Aliyepungukiwa ni maskini.

Ni kipimo cha maana, na wanaokifanya wanafanya kazi ngumu. Lakini hebu tukitazame kwa macho ya mtoto. Karani hamuulizi mtoto kitu. Anauliza mkubwa wa nyumba, na hesabu ikishatoka, wote waliomo humo wanapewa daraja moja, kana kwamba kila chungu kinapakuliwa sawa. Wewe na mimi tunajua kwamba si kila chungu kinapakuliwa sawa. Zipo nyumba ambazo baba ana uwezo wa kwenda kilabuni kila jioni, na mtoto anakunywa uji mweupe. Kwenye fomu, nyumba hiyo imevuka mstari.

Ndiyo maana Ofisi ya Taifa ya Takwimu na UNICEF, katika taarifa yao ya mwaka 2016 iliyotumia takwimu za 2012/13, walipima kwa njia mbili. Kwa njia ya fedha walikuta watoto asilimia 29 ni maskini. Kisha wakamtazama mtoto mwenyewe: lishe yake, afya yake, shule, maji anayokunywa, choo anachotumia, nyumba anayolala, ulinzi wake. Waliokosa mambo kadhaa kwa pamoja walikuwa asilimia 74. Watoto ni wale wale, nchi ni ile ile, lakini hesabu moja inasema kama watatu katika kumi na nyingine inasema zaidi ya saba. Hakuna aliyedanganya. Shilingi zinaweza kuingia nyumbani bila bomba la maji kufika mtaani, na mtoto hanywi shilingi.

Hilo ni tatizo la kwanza: tunapima nini. Tatizo la pili, ambalo ndilo hasa la leo, ni kwamba tunapima lini, na tunampima nani tunaporudi.

Hebu tuwaze mtaa mmoja wa kufikirika wenye watoto 100. Tunafika mara ya kwanza, tunakuta 30 ni maskini. Baada ya miaka miwili tunarudi, tunakuta 28. Afisa ataandika: umaskini wa watoto umepungua kwa pointi mbili. Vizuri. Lakini nyuma ya maneno hayo inaweza kuwapo mitaa miwili tofauti kabisa.

Katika mtaa wa kwanza, 28 wale ni wale wale wa zamani. Wawili wametoka, na hakuna mpya aliyeingia. Katika mtaa wa pili, watoto 16 kati ya wale 30 wametoka, 14 wamebaki, na wengine 14 waliokuwa salama wameporomoka. Jumla ni 28 vile vile. Ila katika mtaa wa kwanza umaskini umewagusa watoto 30 tu, na katika mtaa wa pili umewagusa 44 ndani ya miaka miwili. Mtaa wa kwanza unahitaji ngazi, ya kuwatoa waliozama muda mrefu. Mtaa wa pili unahitaji ngazi na uzio pia, wa kuwazuia wengine wasitumbukie. Ukiwapelekea dawa moja, mmoja wao umempa dawa isiyo yake.

Tofauti hiyo haionekani mpaka uwe na majina: mtoto huyu, mwaka ule alikuwa wapi, mwaka huu yuko wapi. Ndiyo kusema, urudi kwa mtu yule yule.

Wazo hili lina umri mrefu. Mwaka 1899 Mwingereza Seebohm Rowntree aliifanyia utafiti York, mji wa kwao, nyumba kwa nyumba za wafanyakazi, familia zaidi ya 11,000. Aligundua kwamba mfanyakazi wa kawaida hupita kwenye umaskini kwa vipindi. Akiwa mtoto ni maskini, kwa sababu mshahara wa baba unagawanywa kwa vinywa vingi. Akianza kufanya kazi anapata nafuu. Akioa na kupata watoto anarudi chini. Watoto wakikua na kuanza kuleta chochote nyumbani anapumua. Uzeeni anazama tena. Maana yake ni kwamba utoto wenyewe, katika familia ya kipato kidogo, ni msimu wa umaskini. Lakini Rowntree alipita mara moja tu. Vipindi hivyo alivipata kwa kulinganisha vijana, wazazi na wazee wa siku ile. Hakuwafuata watu wenyewe.

Waliokuja kuwafuata ni watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, ambao mwaka 1968 walianza na familia karibu 5,000 na kuzirudia mwaka baada ya mwaka, pamoja na watoto walipoondoka nyumbani na kuanzisha familia zao. Mwaka 1986 wasomi wawili, Mary Jo Bane na David Ellwood, walizichambua kumbukumbu hizo na kukuta jambo linaloonekana kama kitendawili. Wengi wa wanaoingia katika umaskini hutoka baada ya muda mfupi. Hata hivyo, ukienda siku yoyote kuwaangalia walio maskini siku hiyo, wengi wao wamo katika umaskini wa miaka mingi.

Yawezekanaje? Turudi kwenye daladala yetu. Tuseme abiria 20 wanakwenda mwanzo hadi mwisho wa njia. Viti 10 vilivyobaki vinakaliwa na watu wa kituo kimoja kimoja, wanashuka, wanapanda wengine, kwa vituo 12. Mwisho wa safari daladala imebeba watu 140, na kati yao 120 walikaa kituo kimoja tu. Lakini chungulia dirishani wakati wowote, utaona 20 kati ya 30 ni wale wa safari ndefu. Anayesema "umaskini wa wengi ni wa kupita" na anayesema "maskini ni wale wale siku zote" wote wawili wanasema kweli. Mmoja amesimama mlangoni, mwingine amechungulia dirishani.

Haya, tuache Marekani, turudi nyumbani. Maana moja ya kazi za namna hii zinazosifiwa sana duniani ilifanyika hapa kwetu, mkoani Kagera.

Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikogunduliwa, mwaka 1983. Mwishoni mwa miaka ya themanini vijiji vya huko vilikuwa vinazika vijana, wazazi wenye watoto wadogo. Mwaka 1991 Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianza utafiti wa kujua kifo cha mtu mzima kinaiachaje nyumba. Walichagua kaya 915 kutoka wilaya zote za mkoa wakati huo, na hadi mwaka 1994 walikuwa wamezitembelea hadi mara nne. Waliandika majina ya watu zaidi ya 6,000, watoto kwa wakubwa: umri, urefu, uzito, darasa, chakula, nguo, mashamba.

Miaka kumi ikapita. Mwaka 2004 watafiti wakarudi, na hapo ndipo penye somo. Njia rahisi ilikuwa kwenda kwenye nyumba zile zile, kubisha hodi, na kumhoji atakayefungua. Tafiti nyingi hufanya hivyo. Wao walikataa. Walisema hatutafuti nyumba, tunatafuta watu. Kwa hiyo walipofika kwenye nyumba ya zamani walikaa na waliobaki na kuuliza, jina kwa jina: huyu yuko wapi? Huyu aliolewa kijiji cha pili. Huyu yuko Mwanza. Huyu alichukuliwa na mjomba wake Dar es Salaam. Huyu alivuka kwenda Uganda. Huyu tulimzika. Na walio hai wakafuatwa huko huko waliko, hata nje ya mpaka.

Matokeo yake, katika asilimia 93 ya kaya zile walimpata angalau mtu mmoja. Kaya 915 zilikuwa zimezaa kaya zaidi ya 2,700. Ndiyo hali halisi ya familia zetu: mti mmoja unatoa matawi kila upande. Mwaka 2010 wakarudi tena, wakawatafuta watu wale wale.

Wasomi watatu, Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon, walizichambua takwimu hizo na kutoa matokeo mwaka 2011. Walilinganisha watu waliokuwa wakila chungu kimoja mwanzoni mwa miaka ya tisini, mmoja akabaki kijijini na mwenzake akahama. Waliona kwamba kuhama kuliongeza pointi 36 za asilimia katika ukuaji wa matumizi ya mtu kati ya mwaka 1991 na 2004. Hata yule aliyeendelea na kilimo alipata nafuu zaidi ikiwa alikilima mahali pengine kuliko pale alipozaliwa.

Simaanishi kwamba kila kijana afunge mzigo wake leo aje Kariakoo. Wasomi hao wenyewe walieleza kwamba si kila mtu huwa huru kuondoka. Desturi za nyumbani zina watu zinaowashikilia. Ninachotaka tukione ni hiki: kama watafiti wangebisha hodi kwenye milango ile ile 915 na kuondoka, wangewakosa wote waliopiga hatua kubwa. Kwa waliobaki kijijini kwao, umaskini ulikuwa umepungua kidogo tu. Wangeandika kwamba Kagera imesimama, na sisi tungeamini. Aliyepanda ngazi mara nyingi hayupo tena pale ulipomwacha.

Na aliyeanguka je? Naye mara nyingi hayupo pale. Hapa ndipo tunapofika kwa yatima.

Hata kabla ya UKIMWI, mtoto wa kwetu akifiwa na mzazi hubebwa. Anakwenda kwa bibi, kwa shangazi, kwa mama mdogo. Karani akirudi nyumba ya zamani, mtoto hayumo, na kwenye fomu anawekewa mstari: amehama. Katika takwimu za nyumba, mtoto huyo amefutika. Watafiti wa Kagera hawakumfuta. Waliwachukua watoto 718 ambao katika ziara za kwanza walikuwa bado na wazazi wote wawili, wakawapata tena mwaka 2004 wakiwa watu wazima. Asilimia 19 kati yao walikuwa wamepoteza mzazi, mmoja au wote, kabla ya kutimiza miaka 15. Kwa kuwa kumbukumbu zao za kabla ya msiba zilikuwapo, iliwezekana kutenganisha madhara ya msiba na madhara ya umaskini waliokuwa nao tangu mwanzo.

Waliofiwa na mama walikutwa, kwa wastani, wafupi kwa sentimita 2 kuliko ambavyo wangekuwa, na wamesoma mwaka mmoja pungufu. Hizo ni sentimita za mtu mzima, ambaye hakui tena. Mwaka huo wa shule haurudi.

Ndugu msomaji, tuzitafakari sentimita hizo mbili. Kijana huyo huenda mwaka 2004 alikuwa na kibarua chake, anakula, anavaa. Karani akimhesabu leo, yuko juu ya mstari wa umaskini. Kwenye jedwali la waliotoka, jina lake limo na tunapiga makofi. Lakini ule mwaka mmoja au miwili aliyokaa chini akiwa mdogo ameubeba kwenye mifupa yake. Hii ndiyo tofauti kati ya umaskini wa mtu mzima na wa mtoto. Mtu mzima akianguka, akainuka, anaweza kusema yamekwisha. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu aliyekosa chakula cha maana kwa miezi kumi hawezi kurudishiwa miezi hiyo akiwa na miaka saba. Umaskini wa kupita, kwa mtoto, haupiti wote.

Kwa sababu hiyo tafiti nzuri za watoto hupima shilingi, na pia hubeba ubao wa kupimia urefu. Ndivyo unavyofanya utafiti mmoja ulioanza mwaka 2002 katika nchi za Ethiopia, India, Peru na Vietnam, unaofuata watoto 12,000 tangu utotoni hadi utu uzima. Mkubwa wa nyumba anaweza kusahau alitumia kiasi gani mwezi uliopita. Urefu wa mtoto hausahau.

Na hapo kwenye kusahau, lazima niseme ukweli mwingine, ili mtu asije akadhani kazi hii haina mitego. Si kila mtoto anayeonekana kuingia na kutoka ameingia na kutoka kweli. Chukua mama anayeishi karibu kabisa na mstari. Mwaka huu karani kafika baada ya mavuno, mahindi yamo ghalani, nyumba ikaonekana imevuka. Safari ijayo anafika mwezi ambao ghala ni tupu, nyumba ikaonekana imeporomoka. Kumbe maisha ya nyumba ile ni yale yale, kilichobadilika ni kalenda ya karani. Au mara ya kwanza alihojiwa mama, anayejua bei ya kila fungu la mchicha, na mara ya pili akahojiwa baba, ambaye mchicha anaukuta mezani. Kwenye jedwali itaandikwa kwamba watoto wanne wameingia katika umaskini.

Watafiti waangalifu hujikinga. Hurudi mwezi ule ule wa mwaka. Humhoji mtu yule yule inapowezekana. Hawatosheki na safari mbili, maana kwa safari mbili huwezi kujua kama umeona mwelekeo au umeona bahati mbaya ya juma moja. Na hulinganisha shilingi na vitu visivyoyumba haraka, kama vile paa, mifugo, darasa la mtoto, urefu wake. Vyote vikisema aina moja, hapo unaweza kuamini.

Mtu atauliza, haya ya wasomi yananihusu nini mimi ninayenunua gazeti nikienda kazini? Yanakuhusu kwa njia mbili.

Ya kwanza ni misaada. Tunao mfuko wa TASAF na mpango wake wa kunusuru kaya maskini, ambao umezifikia kaya zaidi ya milioni moja. Wananchi hukaa kwenye mkutano wakazitaja kaya zenye hali mbaya, kisha zinaulizwa maswali kuhusu nyumba na mali ili kuthibitisha. Ni njia nzuri ya kuwapata abiria wa safari ndefu, wale ambao kijiji kizima kinajua kwamba hawajawahi kuwa na nafuu. Lakini orodha yoyote huandikwa kwa siku fulani. Fundi wa bodaboda aliyevunjika mguu mwezi mmoja baada ya orodha kufungwa, nyumba yake bado ina bati, redio bado ipo, na watoto wake wanne wameshaanza kulala na njaa. Ukimpima kwa mali aliyonayo, si maskini. Atakuwa maskini akishauza bati na redio. Ndipo tutakapomwona, na wakati huo mtoto wake mdogo atakuwa ameshapoteza sehemu ya zile sentimita zake.

Kwa hiyo kama kweli katika kila saba wanaopishana mlangoni wanne wanatoka na watatu wanaingia, basi kumzuia mmoja asiingie kuna thamani ile ile ya kumtoa mmoja. Kwa mtoto kuna thamani zaidi, kwa sababu aliyezuiwa hakuumia. Uzio huo tunaujua ulivyo. Ni matibabu yasiyomlazimu mzazi auze ng'ombe. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, nasi tuipime kwa jambo hilo moja: je, ugonjwa wa baba bado unamshusha mtoto? Ni shule isiyomtema mtoto nyumba inapotikisika. Ada zilipoondolewa kuanzia mwaka 2016 hadi kidato cha nne, sehemu moja ya uzio ilisimama, ingawa daftari, sare na chakula cha mchana bado vinamtazama mzazi mfukoni. Na ni msaada unaoweza kufika ndani ya wiki kadhaa baada ya msiba, badala ya kusubiri orodha ijayo.

Ya pili ni jinsi tunavyosikiliza takwimu. Nchi yetu ina utafiti wa taifa wa kufuatilia kaya, ulioanza mwaka 2008/09 kwa kaya 3,265 na kurudiwa mara kadhaa, ambao nao uliwafuata watu walipohama. Kwa hiyo uwezo tunao. Tunachokosa ni mazoea ya kuuliza. Siku nyingine ukimsikia mkubwa yeyote, wa serikali au wa shirika, akisoma kwamba umaskini wa watoto umepungua kwa pointi kadhaa, usimbishie, huenda anasema kweli. Muulize tu mambo matatu. Waliotoka ni wangapi, na walioingia ni wangapi? Waliobaki humo wamekaa miaka mingapi? Na wale watoto ambao karani hakuwakuta nyumbani, mliwafuata, au mliandika kwamba wamehama?

Swali hilo la tatu ndilo lenye uzito kuliko yote. Wazee wetu wanasema mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Lakini huwezi kujua alivyokua kama hukumbuki jina lake wala hujui alikokwenda. Zile kaya 915 za Kagera zinatufundisha kwamba mtoto anaweza kutafutwa na akapatikana, hata baada ya miaka kumi, hata akiwa amevuka mpaka. Kinachotakiwa ni mtu wa kukaa na jirani mlangoni na kuuliza kwa subira: na huyu mdogo, yeye alikwenda wapi?

Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda.